RELI YAPIMWA, UNGA HAUPIMWI

Ndugu wanachama,

Nimeomba nafasi katika karatasi yetu hii, na ndugu Mhariri amenipa, kwa sababu ya neno moja lililosemwa katika mkutano wa tawi letu.

Tulikuwa tunaandika madai yetu. Mimi nikasimama, nikaomba liongezwe dai moja: kwamba unga na mahindi wanayolishwa wafanya kazi yapimwe sumu kabla ya kupikwa. Ndugu mmoja akacheka. Akasema: "Chama ni cha mishahara, si cha mahindi. Hayo mambo ya kuvu ni ujinga wa watu wa mashambani. Wajifunze kuanika." Watu wakacheka pamoja naye, na dai langu halikuandikwa.

Simtaji jina, maana ni mwenzetu, tena ni mtu wa bidii sana katika chama. Lakini neno lake silikubali, na leo nalijibu mbele yenu nyote.

NILIYOYAONA MIMI

Mwaka 2004 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi ya misheni, huku kwetu Makueni. Njaa ilikuwa imetangulia. Sisi Wakamba twategemea zaidi mvua za vuli, na mahindi yake huvunwa mnamo mwezi wa pili. Mwaka ule mvua nyingine ilikuja kabla ya wakati wake, ikayakuta mahindi yangali mabichi, mengine shambani na mengine mlangoni.

Mtoto niliyekaa naye dawati moja akaacha kuja shule. Tulikwenda kumtazama. Macho yake yalikuwa manjano kama kiini cha yai. Tumbo limevimba na miguu imevimba, na kila alichokula alikitapika. Zahanati moja walimpa vidonge vya malaria, maana ndivyo walivyokuwa navyo. Baadaye akatoka damu puani. Hakumaliza wiki mbili. Baada yake akafuata dada yake mdogo.

Pale kijijini kila mtu alikuwa na neno. Wengine walisema ni nyongo. Wengine walisema ni homa ya manjano, ile ya mbu. Wengine walinong'ona kwamba baba wa watoto wale aligombana na nduguye kwa ajili ya shamba, basi ndugu huyo amekwenda kwa mganga. Ndugu wawili wale hawakusalimiana tena miaka mingi.

Lakini sikilizeni jambo hili. Siku ya matanga tulipikiwa isyo, mahindi na maharagwe, kama ilivyo desturi yetu. Mahindi yalitoka katika gunia la boma lile lile. Watu wenye msiba walitulisha, na sisi tulikula tukashukuru. Nami nilikula. Hakuna aliyejua kwamba muuaji tuliyemtafuta kwa waganga alikuwa amewekwa sufuriani.

Mwezi wa 5 mwaka ule maofisa wa Wizara ya Afya walianza uchunguzi Makueni na Kitui, na wataalamu wa Marekani walisaidia. Kufika tarehe 20 Julai 2004 walikuwa wamehesabu wagonjwa 317 wa manjano, na kati yao 125 walikuwa wamekufa. Karibu wanne katika kila kumi. Wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Ajali ya gari ikiua watu 125, nchi nzima husimama. Hawa walikufa mmoja hapa na mmoja pale, kila mmoja kwenye kitanda chake cha kamba, na magari yakaendelea kupita.

MANJANO NI NINI

Ndugu, ili tusirudi tena kwa waganga, yafaa tujue manjano hutoka wapi. Nami nimewauliza wanaojua, na nitaeleza kwa maneno ya kazi yetu.

Katika damu mna chembe nyekundu. Chembe moja huishi siku kama 120, kisha huzeeka, nayo huvunjwa, hasa katika wengu. Katika ule wekundu wake uliovunjwa hutoka takataka ya rangi ya manjano, iitwayo bilirubini. Kila mtu anayo, mzima na mgonjwa, kila siku. Damu huisafirisha hadi kwenye ini. Ini ndilo karakana yetu: huipokea, huifungasha, huitia katika nyongo, na nyongo huipeleka matumboni. Rangi ya choo chako hutokana nayo.

Sasa, karakana ikiungua, mabehewa ya takataka hayapokelewi. Yanajazana stesheni na njiani. Ile bilirubini hubaki katika damu, na damu huipeleka kila mahali. Macho huwa manjano, kisha ngozi, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Na kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza pia vitu vya kugandisha damu, ini likifa damu haigandi tena. Ndiyo maana mwenzangu wa dawati alitoka damu puani.

Basi manjano yenyewe ni ishara, si ugonjwa mmoja. Ni kama taa ya hatari njiani: yakuambia simama, lakini haikuambii ni daraja limevunjika au ni ng'ombe amelala relini. Pengine chembe za damu zinavunjika nyingi kupita kiasi, kama katika malaria kali au ugonjwa wa selimundu. Pengine njia ya nyongo imezibwa na mawe. Pengine ini limeshambuliwa na virusi, au limechomwa na pombe nyingi, au limetiwa sumu. Hata mtoto aliyezaliwa juzi huweza kuwa manjano kwa sababu ini lake ni changa, na huyo naye aonwe hospitali upesi, maana iko taa maalumu ya kumtibu, na akichelewa ubongo wake huweza kuharibika. Mwenye macho ya manjano apelekwe akapimwe damu. Asipelekwe kwa mpiga ramli, wala asinunuliwe vidonge vya kubahatisha.

SUMU YA KUVU

Waliokufa mwaka 2004 ini lao lilitiwa sumu. Sumu hiyo hutoka katika kuvu, ule ukungu unaoota juu ya mahindi, karanga na nafaka nyingine. Wataalamu huiita aflatoksini, na katika Kiswahili yaitwa pia sumukuvu. Mahindi yaliyoteswa na ukame shambani, kisha yakavunwa yana maji na kuwekwa mahali penye joto pasipo hewa, hayo ndiyo shamba lake.

Wakati ule sheria ya Kenya ilisema sumu isizidi sehemu 20 katika sehemu bilioni moja. Ni sawasawa na kusema kwamba katika magunia 11 ya kilo 90 isizidi miligramu 20, kiasi kidogo kuliko chumvi unayobana kwa vidole viwili. Mahindi mengine yaliyochukuliwa katika sehemu zenye ugonjwa yalikutwa na sehemu 4,400. Hiyo ni mara 220 ya kipimo cha sheria.

Na msidhani ni mahindi ya maboma machache. Mwezi wa 5 mwaka 2004 wachunguzi walikwenda katika masoko 65 wakachukua sampuli 350 za mahindi na unga. Katika kila sampuli 100, 55 zilipita kipimo cha sheria. Sampuli 35 katika 100 zilipita sehemu 100, na 7 katika 100 zilipita sehemu 1,000. Nayo yalikuwa mahindi ya sokoni, yanayouzwa kwa pesa mchana kweupe.

Sumu hii haifi kwa moto. Pika ugali mpaka ushike ukoko, chemsha isyo usiku kucha, sumu ingali pale. Mahindi mengine yenye sumu huonekana mazuri kabisa kwa macho. Na usipokufa mara moja, hujapona. Sumu ndogo ndogo inayoliwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na jambo hilo wataalamu wa saratani duniani wamelithibitisha.

JE, NI UJINGA?

Sasa namjibu ndugu yangu aliyesema ni ujinga.

Susu yangu, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini alijua kuanika mahindi kabla ya misheni kufika kwake. Alikuwa na ghala iliyoinuliwa juu ya nguzo, upepo ukipita chini na ubavuni. Aliuma punje kwa meno, akasikia mlio wake, akajua kama imekauka. Basi kwa nini mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui waliweka mahindi mabichi ndani ya nyumba, chini ya kitanda?

Kwa sababu njaa ilikuwa imepita mlango hata mlango, na mahindi yaliyobaki ghalani nje yangeibwa usiku. Kwa sababu yaliyobaki shambani yangeibwa kabla hayajakauka. Kwa sababu mtoto aliyekaa siku mbili bila chakula hawezi kuambiwa angoja jua wiki tatu. Na mvua ilikuwa inanyesha. Mtu wa namna hii hakukosa elimu. Alikosa turubai, alikosa mlango wenye kufuli, alikosa shilingi za kununua chakula kingine akisubiri. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizougua na zisizougua, walikuta jambo lile lile: waliougua zaidi ni wale walioweka mahindi yenye unyevu nyumbani mwao.

Ukimwita mtu huyu mjinga, unamtukana maiti.

Nami nitakuambia ujinga uko wapi. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafula. Wataalamu walikusanyika, wakatafuta, na baada ya muda mfupi wakaipata sumu hii katika karanga walizolishwa wale ndege, wakaipa jina. Tangu hapo dunia yajua. Mwaka 1981 katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, wagonjwa 20 wa manjano waliingia hospitali, na 12 wakafa. Mahindi ya boma moja yalikutwa na sumu sehemu 12,000 katika bilioni. Hata mbwa waliokula chakula kile walikufa. Mwaka 1982 habari hii ilichapishwa katika jarida kubwa la madaktari, Lancet, ikasomwa London na kila mahali.

Hesabuni wenyewe. Kutoka 1981 hadi 2004 ni miaka 23. Sumu ni ile ile, mahindi ni yale yale, na nchi ni ile ile. Waliojua walikuwa na vitabu na maabara. Susu yangu hakuambiwa neno. Katika miaka hiyo 23 gunia la maskini liliendelea kuuzwa bila kupimwa. Sasa, ndugu yangu, mjinga ni nani?

"MAMBO YA ZAMANI"

Wengine mtasema: 2004 imepita, mbona watufufulia maiti? Ndugu zangu, haijapita. Mwaka 2005 na mwaka 2006 ugonjwa ulirudi huku huku Ukambani, na watu wakafa tena. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kwamba magunia milioni 2.3 ya mahindi hayafai kuliwa. Mwaka 2016 majirani zetu wa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliona manjano hayo hayo na vifo hivyo hivyo.

Na wewe unayesema, "Mimi nakaa kwenye nyumba za kazini, nanunua unga wa pakiti, hayanihusu", wewe nakukumbusha mwezi wa 11 mwaka 2019. Shirika la kukagua ubora wa bidhaa lilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii, na mwezi wa 1 mwaka 2020 likasimamisha nyingine. Zilikuwa pakiti nzuri, zenye picha na rangi, na watu walikuwa wamekwisha kuzila. Mwezi wa 3 mwaka 2021 mahindi ya kutoka Tanzania na Uganda yalizuiwa mpakani kwa siku chache kwa sababu ya sumu. Malori yalisimama foleni, na wenye malori wakalia. Lakini mahindi yetu wenyewe, yanayotoka kwa jirani kwenda kwenye kisiagi, nani aliyesimama kuyapima?

Liko na jambo lingine, nalo latuhusu sisi wa miaka thelathini na zaidi. Kuna virusi vya homa ya ini aina ya B. Mtu mwenye virusi hivyo akila sumukuvu, hatari ya saratani ya ini huzidi mara nyingi, kuliko kama angekuwa na moja tu ya hayo mawili. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo mwaka 2001. Mtoto wako amechanjwa. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo hukuchanjwa ulipokuwa mchanga. Kwa hiyo sisi tunaonyanyua mataruma leo ndio tuliokula mahindi ya 2004, na ndio tusiochanjwa. Chama kisichojua habari ya maini ya wanachama wake kinajua nini?

MSHAHARA NI UNGA

Ndugu yangu alisema chama ni cha mishahara. Vema. Basi tuulize mshahara ni nini. Sehemu kubwa ya mshahara wa mfanya kazi wa chini huwa unga. Tajiri hunipa pesa, pesa naipeleka dukani, napewa unga, unga unanipa nguvu ya kesho kumfanyia tajiri kazi. Nikilipwa noti ya bandia, chama chote kitasimama. Nikiuziwa unga wenye sumu kwa noti halali, chama kinacheka?

Tena bei na sumu ni ndugu wawili. Bei ya mahindi ikipanda, mtu wa mshahara mdogo hununua yale ya bei ya chini, na yale ya bei ya chini mara nyingi ndiyo yaliyolowa. Mshahara usiotosha hununua sumu. Kwa hiyo anayedai mishahara na anayedai unga upimwe wanasema neno moja.

Sasa tazameni kazi yetu. Sisi wa gengi ya njia hutembea relini kila siku. Twatazama boliti, twatazama mataruma, twaweka kipimo kati ya reli mbili. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ikifunguka kupita kiasi gari hupunguzwa mwendo au husimamishwa. Hatungojei gari lianguke ndipo tupime. Nyapara akiona ufa katika reli akanyamaza, hufukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Lakini mtu anayebebwa na gari hilo, na sisi tunaoitengeneza njia yake, twala chakula ambacho kipimo chake cha kwanza ni ini letu. Mabaki hupimwa baada ya mazishi. Reli yapimwa, unga haupimwi. Hivyo ndivyo tunavyothaminiwa.

TUSIWALAUMU WENGINE TU

Nikisema kweli juu ya wakubwa, sina budi kusema kweli juu yetu pia.

Mwaka jana, karibu na stesheni moja, niliuziwa gunia la mahindi kwa bei ya chini sana. Nilitia mkono ndani nikasikia joto. Nilijua. Mimi niliyekula matanga ya 2004, nilijua, lakini niliitazama ile bei, nikafikiri karo ya watoto, nikalipa. Nilipofika nyumbani mke wangu hakusema neno. Alichukua chupa kavu ya soda, akatia chumvi kavu na mahindi kidogo, akafunga, akatikisa, akaiweka mezani. Baada ya robo saa chumvi ilikuwa imegandamana kwenye kioo kama umande. Akaniuliza: "Baba, hii ni ya watoto wako au ya nani?" Gunia lile lilichomwa lote. Pesa zile bado zaniuma, lakini watoto wangu macho yao ni meupe.

Je, wangapi kati yetu wangefanya nilivyotaka kufanya mimi? Na tukiona mahindi yameota kuvu, twafanyaje? Hatuyatupi. Twampa ng'ombe, na sumu hurudi katika maziwa ya mtoto. Twawapa kuku. Twamuuzia mama pima, naye hupika pombe, na Jumamosi twakwenda kuinunua tena wenyewe kwa kikombe. Halafu mtu akiwa manjano twasema ni pombe tu.

Basi nyumbani mwetu tuanze hivi. Mahindi yasimwagwe juu ya udongo. Yaanikwe juu ya turubai. Punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zichaguliwe na kuchomwa; wasipewe wanyama. Chupa ya chumvi itumike: chumvi ikigandamana kwenye kioo, rudisha juani, isipogandamana, anika tena siku mbili ndipo uweke. Lakini jueni kwamba chupa huonyesha maji, haionyeshi sumu. Mahindi yaliyokwisha kuingia sumu hayaponi kwa kukaushwa. Kwa hiyo chupa ni kazi ya mama nyumbani, na kipimo cha sumu ni kazi ya Serikali na tajiri. Mmoja asimtwike mwenzake mzigo wake.

TUNACHODAI

Naomba mkutano ujao uandike madai haya, na katibu wa tawi ayapeleke juu:

1. Kila mahali tajiri anapowapikia wafanya kazi, kantini au kambi ya njiani, mahindi na unga viwe vimepimwa, na karatasi ya kipimo ibandikwe ukutani tuisome. Siku hizi sheria imepunguza kipimo hadi sehemu 10. Kiwe hicho hicho, si kingine.

2. Wafanya kazi wapimwe virusi vya homa ya ini aina ya B, na wasio navyo wachanjwe, kwa gharama ya tajiri. Asifukuzwe mtu kwa sababu ya jibu la damu yake.

3. Tangu mwaka 2013 serikali za kaunti ndizo zenye kazi ya kilimo na afya. Chama kiziandikie kaunti za Kitui na Makueni: kila soko liwe na chombo cha kupima unyevu wa mahindi, kila lokesheni iwe na turubai za kuazimwa na mashine ya kukaushia wakati wa mavuno, na ghala lenye mlinzi, ili mtu asilazimike kulala na mahindi mabichi kwa kuogopa wezi.

4. Iko dawa ya shambani iitwayo Aflasafe. Ni kuvu isiyo na sumu, hunyunyizwa shambani mahindi yakiwa hayajachanua, ikaifukuza ile yenye sumu. Kenya iliikubali mwaka 2015, na kiwanda chake kilifunguliwa Katumani, karibu na mji wa Machakos, mwaka 2018. Kutoka Katumani hadi Wote si safari ya nchi nyingine. Tunadai bei yake iwe ya mkulima mdogo.

5. Mahindi yaliyokutwa na sumu mwenyewe alipwe, kisha yaharibiwe mbele ya watu. Ukimnyang'anya maskini gunia bila kumlipa, atalificha, na atalila.

6. Chama chenyewe kianze. Kila tawi linunue turubai mbili na magunia yasiyopitisha hewa, mwanachama akienda likizo ya mavuno aazime. Pesa za chai ya mikutano zatosha kuanza.

Ndugu yangu uliyecheka, sina ugomvi nawe. Tulinyanyua taruma pamoja jana na tutanyanyua kesho. Lakini nakuomba siku moja ushuke nami kwenye stesheni yetu, nikupeleke kwenye boma lile. Wale ndugu wawili, baba wa watoto na yule aliyeshukiwa uchawi, sasa ni wazee. Walipatana baada ya habari ya sumu kufika na kuaminiwa. Yule aliyeshukiwa aliniambia neno hili: "Kama mtu mmoja angalipima gunia moja, nisingaliitwa mchawi, na wale watoto wangekuwa na watoto."

Neno lake ndilo dai langu. Tukutane mkutanoni, na safari hii liandikwe.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia ya reli,
Makueni.